Nimemwita mama mfanyakazi, wazazi wote wawili wamenuna

BARUA

Mama Mshauri, jambo sana, na pole kwa kubeba shida za watu kila wiki. Leo nakuletea ya kwangu.

Mimi ni mtoto wa kwanza katika watoto sita. Nina miaka 48, nafundisha sekondari hapa Lubumbashi na naishi Kampemba na mume wangu. Wazazi wako Katuba. Mwezi wa nane watatimiza miaka 50 ya ndoa, na sisi watoto tumechanga: ukumbi wa parokia tumepata, kwaya imekubali, vitenge vimeshakatwa. Mimi nilipewa kuandika historia yao, karatasi itakayosomwa baada ya misa na kuchapwa nyuma ya programu.

Niliandika kurasa mbili. Za baba hazikunisumbua. Alifanya kazi miaka 29 katika kampuni kubwa ya migodi, upande wa umeme, na mpaka leo anataja namba yake ya kazini haraka kuliko tarehe tulizozaliwa. Kofia yake ngumu imetundikwa msumarini sebuleni. Anaamka saa kumi na moja, ananyoa ndevu, anavaa saa, halafu anakaa chini ya mwembe. Aliondoka mwaka 2003, katika ule mpango wa "kuondoka kwa hiari". Pesa aliyopewa alinunua basi dogo la abiria, likafa kabla ya mwaka kuisha.

Kuhusu mama niliandika hivi: "Mama naye amekuwa mfanyakazi kwa zaidi ya miaka 30, na kwa miaka mingi kazi yake ndiyo iliyolisha nyumba hii." Sikuona neno la kupima mara mbili hapo. Nilikuwa na miaka kumi na kitu mishahara ya baba ilipoanza kuchelewa, kwanza wiki, baadaye miezi. Mama akaingia soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, na unga wa mahindi. Saa kumi usiku anatoka kuwahi magunia yaliyofika kutoka mpakani Kasumbalesa. Jioni anarudi na unga kwenye kope, anapika, anaosha, anahesabu. Hakupita darasa la tatu, kwa hiyo madeni ya wateja aliyaweka kwenye daftari la jalada la bluu kwa alama zake mwenyewe. Msalaba ni meka moja ya unga, yaani bakuli moja la kupimia, duara ni gunia zima. Mdaiwa hana jina, ana picha: mwavuli ni yule mama aliyekuwa haachi mwavuli wake hata wakati wa kiangazi, jogoo ni baba aliyefuga kuku. Minervali zetu, yaani ada za shule, zilitoka kwenye misalaba ile, na diploma yangu pia.

Jumapili nikawasomea. Baba alisikiliza mikono juu ya magoti, anatikisa kichwa kukubali. Nilipofika kwenye sentensi ile akainua mkono, kama mtu anayesimamisha gari.

"Kazi njo kazi," alisema. "Mama yenu alikuwa anajisaidia. Musichanganye mambo mbele ya watu."

Akaingia chumbani. Bukari, ugali wetu, ikapoa mezani.

Hiyo, Mama Mshauri, niliitegemea. Sikutegemea kilichofuata. Mama alinikuta jikoni, mwiko mkononi, macho yamekuwa mekundu. "Nani alikutuma kuandika vile? Miye sikutumikaka hata siku moja. Nilikuwa natafuta tu ya kulisha batoto. Unataka watu waseme bwana wangu alishindwa nyumba?"

Sikupata la kujibu. Niliondoka na karatasi yangu kwenye mkoba kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi.

Tangu siku ile sijalala vizuri. Nakumbuka kila mwanzo wa mwaka wa shule nilijaza fomu, na penye kazi ya mama niliandika "ménagère", mama wa nyumbani, kwa mkono wangu. Niliandika hivyo miaka yote, wakati yeye yuko sokoni. Namwangalia pia mdogo wetu wa mwisho, anaendesha pikipiki ya abiria, analisha watoto wawili, na kila Jumapili baba anamwuliza, "Utapata kazi lini?" Yule kijana siku hizi anatafuta sababu za kutokuja.

Mume wangu anasema neno ni neno tu, niweke "shughuli" niendelee na maandalizi. Mwalimu mwenzangu anasema nisirudi nyuma, wazee lazima wasahihishwe, dunia imebadilika. Mimi niko katikati. Je, nina haki ya kubadilisha maana ya neno ambalo wazazi wangu wamezeeka ndani yake? Na nikiacha, si nitakuwa nimemfuta mama mbele ya watu akiwa hai, amekaa kiti cha mbele?

Mwalimu wa Kampemba

JIBU

Mwanangu mwalimu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama palepale jikoni, mama yako akiwa ameshika mwiko. Hasira ya baba ulikuwa umejiandaa nayo. Ya mama ndiyo iliyokunyang'anya usingizi, na mimi naona ndiyo yenye mafunzo zaidi. Tuanzie kwake.

Amekuambia hakutumika hata siku moja. Wasomaji wa mbali watanivumilia nieleze kidogo: sisi huku Katanga, mtu anayefanya kazi tunasema anatumika. "Bwana wako anatumika wapi?" Lisikilize neno lenyewe, ndani yake unasikia kutuma. Anayetumika ana aliyemtuma. Ana saa ya kuingia na ya kutoka, ana namba, na mwisho wa mwezi kuna mtu mwenye wajibu wa kumlipa. Mama yako nani alimtuma? Njaa ya watoto sita. Hapakuwa na dirisha la malipo ambako angeenda kugonga na kudai. Kwa hiyo anaposema hakutumika hadanganyi, wala hajidharau. Analisema neno jinsi alivyolikuta. Na hilo alilojichagulia, kutafuta, nakuomba usilipite haraka. Anayetafuta hana uhakika wa kupata, na bado saa kumi usiku yuko barabarani.

Sasa tuulize neno limetoka wapi, maana halikuota kama uyoga. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba, na Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji iliyoundwa mwaka 1906, ndiyo iliyowafundisha babu zetu ni kitu gani kiitwe kazi. Mwanzoni wanaume walichukuliwa kwa mikataba mifupi, wakimaliza wanarudi vijijini. Kuanzia miaka ya 1920 kampuni iliona afadhali mtu akae, alete mke, azae watoto kambini. Ukaja mposho, yaani mgao wa chakula, wa familia: wa mwanaume, wa mke, wa kila mtoto. Mwanaume ndiye aliyekuwa na namba. Mke alikula kwa namba ya mumewe. Bustani aliyolima, maji aliyobeba, nguo za kazi alizofua ili kesho yake mtu aingie zamu akiwa safi, hayo hayakuwa na mstari wao kwenye daftari la kampuni. Karani alichora mpaka kwa ajili ya hesabu zake, na sisi tumeurithi kana kwamba Mungu ndiye aliyeuchora.

Hapo niko upande wako kabisa. Neno lililomwacha mama yako nje limemdhulumu, na anayetaka kulifungulia mlango hana kosa la kiburi. Mume wako anayesema neno ni neno tu, mwulize kwa upole: kama ni neno tu, kwa nini baba aliacha chakula?

Lakini neno hilohilo lina damu ya watu. Desemba 1941, katikati ya vita, wafanyakazi wa Union Minière walipogoma hapa mjini kudai nyongeza ya mshahara, walikusanyika uwanja wa mpira, askari wakafyatua risasi, wakafa makumi. Kizazi cha baba yako kimelelewa na watu waliokumbuka siku ile. Kwao kazi ilikuwa maana yake: ninayo haki ya kulipwa, mimi si mtumwa wa mtu. Ukisikia "kazi njo kazi", humo ndani kuna kiburi cha mwanaume, sitakuficha. Kuna hili pia.

Na kuna jeraha ulilolitaja kwa mstari mmoja ukapita. Umesema baba aliondoka mwaka 2003 katika mpango wa "kuondoka kwa hiari". Miaka ile ya 2003 na 2004 waliondoka hivyo wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa migodi ya Katanga. Mtu ana mishahara ya miezi na miezi haijalipwa, nyumbani kuna watoto, anawekewa karatasi mezani: chukua hizi utie sahihi, au baki ungoje. Juu ya karatasi ile limeandikwa hiari. Hiari ya nani? Baba yako ameishi siku ambayo watu wenye elimu walilichukua neno analolijua tangu utoto, wakalivuta mpaka likafunika kuachishwa kazi. Naye akatia sahihi, mkono wake mwenyewe. Tangu hapo, nadhani, akiona karatasi iliyochapwa vizuri ina neno lililohama maana, anashika mfuko wake. Jumapili ile aliyekuja na karatasi ni wewe, binti yake.

Sisemi umemfanyia walichomfanyia wale. Wao walilivuta neno ili kuficha hasara ya mtu, wewe ulitaka mtu aliyefichwa aonekane. Nasema kwamba kwa aliyekaa kwenye kiti chake, mambo haya mawili yanafanana sura: mwenye kalamu amebadilisha neno, mwenye maisha anasomewa likiwa limeshabadilika.

Nalijua kosa hilo kwa sababu nimelifanya. Miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Msichana mmoja aliandika kwenye insha yake, "Mama yangu hana kazi, anauza tu makala," yaani mkaa. Nikashika kalamu nyekundu, nikapiga mstari, nikaandika pembeni: Mama yako ana kazi, tena kubwa. Nilijisikia vizuri siku nzima. Kesho yake mama mwenyewe akaja, mtoto mgongoni, vumbi jeusi la makala kwenye kucha, insha mkononi imekunjwa mara nne. "Mwalimu," akaniambia, "unataka kunimaliza? Kamati inanipunguzia minervali kwa sababu nimeandikishwa sina kazi. Wakisoma hii, nitatoa wapi?" Niliifuta ile sentensi yangu kwa wembe, polepole, mbele yake. Karatasi ikatoboka.

Nilikuwa nimemheshimu kwa neno na kumpokonya kwa neno lilelile, na sikuwa nimemwuliza. Tundu lile la karatasi bado naliona. Neno kama kazi ni mlango: linaamua nani apewe mposho, nani apunguziwe ada, nani aitwe kichwa cha nyumba, nani asemwe vizuri siku ya maziko yake. Ukiusogeza mlango, kuna anayeingia, na mara nyingine kuna anayebaki nje bila wewe kukusudia.

Hata wenye kazi ya kupima kazi hawakuepuka hilo. Oktoba 2013, Geneva, wataalamu wa takwimu za kazi wa nchi mbalimbali walikutana kwenye mkutano wao wa 19 wakaipa kazi maana mpya: shughuli yoyote ya kuzalisha bidhaa au kutoa huduma, iwe kwa matumizi ya wengine au ya mtu mwenyewe. Kupika, kuteka maji, kumwogesha mgonjwa wa nyumbani, vyote vikaingia. Mimi nilipolijua hilo nilifurahi kwa ajili ya mama zetu. Ila siku ileile neno ajira walilibana, likabaki kwa kazi ya kutafuta malipo au faida. Mwanamke anayelima mahindi ya kula nyumbani tu, ambaye zamani aliweza kuhesabiwa miongoni mwa wenye ajira, sasa ana kazi lakini hana ajira. Amepewa kwa mkono mmoja, amepokonywa kwa mwingine. Wao angalau walijadiliana hadharani, wakaandika wanabadilisha nini na kwa sababu gani. Mama yako, kama unataka kujua, hata kwa kipimo cha zamani alikuwa ndani: muuza unga anayejitegemea amehesabiwa siku zote. Waliomtoa ni fomu za shule na midomo yetu.

Mwalimu mwenzako anasema wazee lazima wasahihishwe. Hapana. Baba yako hakukosea Kiswahili. Kwa neno kama lilivyotumika Katuba miaka hamsini, alisema sawasawa. Na hapa ndipo naona uliteleza: sentensi yako inasema mama "amekuwa mfanyakazi", kana kwamba jambo hilo lilijulikana tangu zamani na kila mtu alikubali. Halikujulikana. Wewe mwenyewe ulikuwa unaandika "ménagère". Ukitaka kulifungua neno, sema wazi kwamba unalifungua, na useme kwamba mkono wako nao uliwahi kulifunga. Mzee anaweza kubishana na mtu anayemwambia "naomba tubadilishe". Anayemwambia "ndivyo ilivyokuwa siku zote" anamfanya aonekane amepotewa na akili.

Kwa hiyo nenda kwanza kwa mama, peke yako, na usiende na karatasi. Nenda sokoni kama bado anakwenda, au siku anayochambua sombe, yale majani ya muhogo. Mwombe akufungulie lile daftari la bluu. Akusomee picha: mwavuli alilipa? Jogoo je? Nani alikufa na deni lake, na yeye akapiga mstari bila kwenda kudai kwa wajane? Usiseme neno kazi hata mara moja. Mwache ahesabu mwenyewe. Akimaliza, mwulize swali moja: "Mama, haya yote nikitaka yajulikane siku ile, niyaite nini?" Anaweza kusema kazi. Anaweza kusema kutafuta. Anaweza kusema uyaache, ni ya kwake na Mungu wake. Lolote atakalosema, hilo ndilo utaandika. Najua litakuuma likiwa hilo la mwisho. Umemwandalia zawadi kwa upendo, lakini aliyeishi maisha yale ana haki ya kuchagua wayaite nini mbele ya majirani zake.

Hofu yake usiichukulie kijuujuu. Amekuambia wasiseme bwana wake alishindwa nyumba. Mwanamke huyo aliolewa zama ambazo mwanaume alikuwa kichwa na habari ikaishia hapo. Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987 bado ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kwa shughuli za kisheria, na ruhusa hiyo iliondolewa tu yaliporekebishwa mambo Julai 2016. Miaka yote ile mama yako alilisha nyumba akiwa amesimama nyuma ya jina la mumewe, makusudi, ili mzee aweze kukaa chini ya mwembe wake kichwa juu. Huko kumsitiri nako alikufanya kila siku, bila kulipwa. Sentensi yako moja ingemvua mzee nguo ambayo mama ameishona miaka thelathini. Ndiyo maana macho yalikuwa mekundu.

Kisha baba. Usiende kumwomba msamaha kwa kumpenda mama yenu, wala usiende kubishana. Nenda umwulize habari za 2003. Siku ile alivaa nini? Nani alimwekea karatasi? Alirudi nyumbani kwa njia gani, alimwambia nani kwanza? Nina wasiwasi kwamba katika watoto sita hakuna aliyewahi kumwuliza. Akikuambia neno hiari lilimfanyia nini, ndipo umwambie, taratibu, kwamba na neno kazi limemfanyia mama kitu cha namna hiyo: limepita juu ya miaka yake kama hayupo. Mzee aliyewahi kufutwa na karatasi anaweza kulielewa hilo kuliko watu wote mtaani. Anaweza pia asilielewe, au aelewe asikubali. Ana miaka yake. Mwachie "kazi ya kampuni" kwa jina lake kamili, namba yake na kofia yake ukutani. Mama akiingia ndani ya neno, si lazima baba atolewe. Na kama ataona huzuni, kwamba kile kilichomtofautisha na wengine sasa kinagawanywa, mwache ahuzunike. Usimharakishe. Amepoteza kazi, akapoteza basi, na sasa anaombwa aachie na mpaka wa neno.

Mdogo wako ni habari nyingine, na hapo naomba uwe mwangalifu hata na wema wako. Mwambie baba aache lile swali la Jumapili, kwa sababu linamfukuza kijana nyumbani, na mwambie hivyo kwa maneno hayohayo. Lakini usikimbilie kumwambia kijana "wewe una kazi tayari, tulia." Hana mkataba, hana bima, siku akianguka na pikipiki hakuna wa kumlipa hata siku moja ya kitandani. Tukiliita kila kitu kazi halafu tukanyamaza, wenye wajibu wa kutengeneza ajira watapumua. Baba yako anapouliza "lini?", kwa ukali wake wote, bado anakumbuka kitu ambacho kijana anastahili kukidai: kupimwa, kulipwa, kutibiwa. Waketishe wawili hao siku moja waongee kuhusu mposho. Kijana hajui ulikuwaje. Atashangaa.

Karatasi yako iache kwanza. Kurasa za baba ziko tayari, na ukurasa wa mama acha nafasi wazi, hata mchapaji akilalamika. Kama mama atakuruhusu, waombe wachape picha ya ukurasa mmoja wa daftari lile, wenye mwavuli na jogoo na misalaba yake, na chini yake uweke neno atakalokupa. Wakati wa kusoma, ukiweza, mpe baba asome sehemu hiyo. Akikataa, soma wewe, ukiwa umesimama upande alioketi.

Mama Mshauri